Spika ya Sebuleni Si Spika ya Matatu

    Sogeeni karibu na redio, tuzungumze.

Leo nataka tuzungumzie chombo ambacho kimo karibu katika kila nyumba, lakini ni nadra sisi kukaa na kukizungumzia. Chombo chenyewe ni spika. Na katika spika, nataka tuitazame aina moja: ile nyembamba, ya kusimama sakafuni yenyewe, inayomfikia mtu mzima kiunoni au juu yake kidogo. Haihitaji meza wala rafu. Inasimama kando ya runinga kama mgeni mwenye adabu anayengoja kuambiwa aketi. Kwa nini nimechagua hiyo? Nitawaambia, ila kwanza nianze na kisa.

Mjomba wangu anaishi upande wa Tetu, huku Nyeri. Alikulia katika nyumba iliyokuwa na redio moja ya betri, na katika redio hiyo alimpenda mwimbaji mmoja kuliko wote, marehemu Joseph Kamaru. Wengi wenu mnamjua: mzaliwa wa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, aliyetuacha mwaka 2018. Jioni moja mjomba alinitembelea hapa Ruring'u. Nikamwekea wimbo wa zamani, Kamaru akiimba na dada yake, Catherine Muthoni. Mjomba akaegemea kiti, akanyamaza. Nikadhani hasikii vizuri, nikainua mkono kuongeza sauti. Akanizuia. "Punguza kidogo, mwanangu," akasema. Nikapunguza. Akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Hilo gitaa jingine huko nyuma, lilikuwapo siku zote?"

Nikamuuliza, "Mjomba, wimbo huu umeusikia mara ngapi?"

Akasema, "Tangu kabla sijaoa."

Wasikilizaji, fikirini jambo hilo. Mtu ameishi na wimbo karibu miaka hamsini, na hakuwahi kukutana na mpigaji mmoja aliyemo ndani yake! Gitaa lilikuwapo. Mpigaji alitoa jasho lake siku ile ya kurekodi. Lakini lilipotea njiani, kati ya santuri na sikio la mjomba. Na mara nyingi linapopotea jambo kama hilo, linapotelea kwenye spika, au kwenye mahali tulipoiweka spika.

Basi hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia ili lisisahaulike: spika ya nyumbani ni ya kusikiliza, si ya kutetemesha mlango. Inunue kwa masikio yako, na ipange kulingana na chumba chako. Masikio na chumba. Tuko pamoja?

Sasa tuanze na swali rahisi. Spika inafanya nini hasa? Ukiondoa kile kitambaa cha mbele utaona duara la karatasi ngumu au la plastiki. Hiyo ndiyo koni. Nyuma yake kuna sumaku na waya uliozungushwa. Umeme wa muziki ukipita katika waya, koni inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma, mara nyingi sana kwa sekunde moja, na hewa inatetemeka. Mtetemo huo ndio sauti. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na hadi leo spika nyingi duniani hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Miaka kama mia moja imepita na koni bado inasukuma hewa.

Lakini kuna jambo. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Ukiiacha spika uchi, bila sanduku, hewa ya mbele inazunguka kwenda nyuma, na hizo mbili zinafutana. Besi inatoweka. Nani kati yenu, mlipokuwa watoto kijijini, hakuwahi kuchukua spika iliyong'olewa kwenye redio mbovu, akaifunga kwa waya, akaitia ndani ya mtungi au kwenye katoni? Ghafla ikanguruma! Mlikuwa mafundi bila kujua. Mtungi uliizuia hewa ya nyuma isikutane na ya mbele, na besi ikarudi. Sanduku la spika ni ule mtungi wenu wa utotoni, ila umechongwa kwa vipimo.

Na mtungi mkubwa hunguruma zaidi ya mdogo, sivyo? Hapo ndipo ilipo faida ya spika ya kusimama. Spika ya mezani ni sanduku dogo, na kwa kawaida haiwezi kushuka chini sana kwenye besi. Ukitaka kuisikiliza vizuri unaitafutia stendi, na ile stendi inakula nafasi ile ile ya sakafu. Spika nyembamba ya kusimama imeichukua nafasi hiyo iliyokuwa ya stendi ikaifanya sanduku. Sakafuni haijaongeza kitu, bali imekwenda juu. Ndani yake kuna hewa nyingi zaidi, na mara nyingi ina koni mbili ndogo mahali pa moja kubwa. Koni 2 za inchi 5 husukuma hewa karibu sawa na koni 1 ya inchi 7. Kwa hiyo unapata besi ya kutosha bila sanduku pana la kuziba njia ya kwenda jikoni.

Nyingi zina tundu pia, mbele au nyuma. Watu huniuliza, "Hilo tundu ni la nini, la kupoza?" Hapana. Ni la kuitumia ile hewa ya nyuma badala ya kuifungia. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia "vuu"? Tundu hufanya kazi hiyo: huikoleza besi pale koni inapoanza kuchoka. Albert Thuras wa maabara ya Bell kule Marekani alipewa hataza ya ufundi huo mwaka 1932. Kwa hiyo, msikilizaji, usilizibe tundu kwa kuisukumia spika ukutani kabisa, na usiwaache watoto wakalifanya benki ya sarafu. Nimewahi kulitikisa sanduku moja likatoa sarafu, vifuniko vya kalamu na jiwe la kuchezea.

Haya, tumeijua spika. Sasa tuingie nyumbani.

Nyumba zetu huku Mlima Kenya zikoje? Nyingi za siku hizi ni za mawe ya kuchonga, sakafu ni ya saruji au vigae, madirisha ni vioo vipana, juu ni mabati. Ni nyumba nzuri, imara na safi. Lakini sauti ikitoka kwenye spika inagonga jiwe, inarudi. Inagonga kigae, inarudi. Inagonga kioo, inarudi. Simama katika sebule mpya kabla ya kuingiza viti, upige kofi moja. Utasikia mlio mwembamba ukikimbia juu ya ukuta. Mlio huo ndio unaokula maneno ya mwimbaji. Ndio unaomfanya mama akuulize, "Huyu mtangazaji anasema nini?" ilhali sauti iko juu.

Dawa yake si spika ya bei kubwa zaidi. Dawa yake tunayo: zulia katikati ya chumba, mapazia mazito, viti vya kitambaa, hata vile vitambaa vya kufuma ambavyo kina cucu, nyanya zetu, hututandikia juu ya makochi. Rafu ya vitabu nayo husaidia. Wengi tunaviweka kwa ajili ya urembo na joto, hasa ile miezi ya Juni na Julai ukungu unapokataa kuondoka. Basi jueni vinafanya kazi ya tatu: vinaituliza sauti. Na wale wenye nyumba za mbao, msijione wanyonge. Mbao hairudishi besi kwa ukali kama jiwe, na chumba cha mbao chenye zulia kinaweza kuimba vizuri kuliko ukumbi wa mawe.

Mvua ikipiga mabati mwezi wa Aprili, hapo tukubaliane hakuna spika itakayoshinda. Usiongeze sauti kupigana na mvua. Zima, uisikilize mvua, maana nayo ni baraka kwa chai na kahawa yetu.

Sasa nije kwenye besi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mnakumbuka nilisema masikio na chumba? Chumba nacho kina sauti yake kinayoipenda. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Na kuta mbili zinazotazamana, zikiwa zimeachana mita 4, huupenda mtetemo wa karibu mara 43. Mnaona zilivyokaribiana? Kwa hiyo mpiga besi akiugusa waya ule, chumba chako kinaitikia kabla hujapumua. Na ukiiweka spika pembeni kabisa, pale kuta mbili zinapokutana, unakuwa umekipa chumba kipaza sauti. Besi inavimba, inafunika gitaa, inafunika sauti ya mtu. Unasikia "dum, dum, dum," na wimbo wote unakuwa noti moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Spika zangu nilizisukuma pembeni, moja ikiwa nyuma ya kochi, ili mgeni apate pa kupita. Mwezi mzima nilikuwa nalalamika kwamba nimeuziwa kitu kibaya. Jumapili moja nikachukua kipande cha chaki. Nikaweka wimbo wa benga, nikaitoa spika ukutani kwa shubiri moja, nikapiga alama sakafuni, nikaketi, nikasikiliza. Shubiri ya pili, alama, nikaketi. Kwenye shubiri ya tatu, besi iliacha kuwa moshi ikawa kamba: niliweza kuifuata noti kwa noti, ikipanda na kushuka, huku gitaa likicheza juu yake. Sikutumia hata shilingi moja. Nilisogeza sanduku shubiri moja mara tatu, basi.

Kwa hiyo narudia, na mwenye kalamu aandike. Moja: itoe spika ukutani, shubiri mbili tatu, na usiisimamishe kwenye pembe ya chumba. Mbili: spika zako mbili na kiti chako zifanye pembetatu, umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kila spika hadi kwako. Tatu: zigeuze kidogo zikutazame. Nne: lile duara dogo la juu, linaloitwa twita, linalotoa sauti nyembamba za kayamba na herufi "s", liwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Spika hizi za kusimama zikiwa fupi, wakati mwingine twita hubaki chini ya sikio, hasa kama kochi lako ni la juu. Usijali. Weka kipande chembamba cha mbao chini ya ukingo wa mbele, spika iinamie nyuma kidogo, na sauti itapanda ikufikie. Ila hakikisha bado imesimama imara.

Sasa utajuaje kwamba umezipanga vizuri? Kuna jaribio moja ninalolipenda sana, na wazee watalifurahia. Santuri nyingi za hapa kwetu za miaka ya 1960 zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti moja, si mbili za kulia na kushoto. Weka wimbo mmoja wa namna hiyo. Keti katikati, ufumbe macho. Mwimbaji yuko wapi? Kama kila kitu kiko sawa, hayuko kwenye spika ya kulia wala ya kushoto. Amesimama katikati, kwenye hewa tupu, mbele ya ukuta. Unaweza kumnyooshea kidole.

Na kama hayuko pale? Kama sauti imetapakaa, hujui inatoka wapi, na besi imekuwa nyembamba kama uji uliozidi maji? Nenda nyuma ya spika ukatazame nyaya. Mara nyingi utakuta nyaya za spika moja zimepinduliwa: nyekundu imeingia penye nyeusi. Maana yake koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na zinafutana kama ile spika uchi isiyo na mtungi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Rekebisha, rudi ukae. Mwimbaji atakuwa amerudi nyumbani.

Hili la kusikia kwa spika mbili si jambo la jana. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya ufundi wa kurekodi sauti mbili. Husimuliwa kwamba alikereka kwenye sinema kuona mwigizaji yuko upande huu wa pazia na sauti yake inatoka upande ule. Alitaka sauti ikae pale alipo mtu. Je, si ndicho tunachotaka sisi sote? Kwaya ikiimba, soprano wawe upande wao na besi upande wao, kama tunavyowaona Jumapili kanisani.

Tugeukie suala la nguvu, maana najua kuna kijana ananisikiliza akisema, "Hayo yote sawa, lakini zina wati ngapi?" Kijana wangu, nakuelewa. Umepanda matatu ya kwenda Karatina, besi ikakupiga kifuani ukafurahi. Na matatu ina haki yake: ni chuma kinachokimbia, injini inaunguruma, upepo unavuma, makanga anaita abiria. Lazima besi ipige kelele ndipo isikike. Lakini sebule haikimbii kwenda popote. Sebuleni umekaa mita tatu kutoka kwenye spika, mlango umefungwa. Ukisikiliza kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu anaweza kukuuliza kama unataka chai ukamsikia, spika nzuri inatumia wati moja au pungufu. Wati moja!

Basi yale maandishi makubwa kwenye katoni, maelfu na maelfu ya wati, maana yake nini? Ukitazama vizuri utaona herufi PMPO. Hicho si kipimo chenye kanuni. Kila mtengenezaji hujipigia hesabu yake. Wewe tafuta nguvu ya kudumu, ile inayoandikwa RMS. Na kumbuka jambo hili: sikio letu si rahisi kulihonga. Ili lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, nguvu inahitajika karibu mara 10. Kwa hiyo kutoka wati 30 hadi wati 60 ni tofauti ndogo sana masikioni, ingawa bei yaweza kupanda. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na walisema pia debe tupu haliachi kuvuma.

Simdharau mwenye wufa, ile spika ya besi kubwa, wasikilizaji. Wufa imeleta furaha katika nyumba nyingi, na sherehe ya ruracio, yaani ya mahari, bila besi ya kuwainua watu si sherehe. Mugithi ukipigwa, watu wanashikana viuno na kujipanga mstari kama mabehewa, maana mugithi ni treni, ile ile inayopita Karatina na Kiganjo kwenda Nanyuki. Huko uwanjani besi na itikise! Ninachosema ni kwamba wakati wa kucheza una chombo chake, na wakati wa kukaa na kusikiliza una chombo chake. Spika nyembamba ya kusimama ni chombo cha kukaa.

Haya, umeamua kutafuta. Utafute wapi, na uangalie nini? Wengi wetu hupanda gari asubuhi hadi Nairobi, pale Luthuli Avenue, mtaa wa vyombo vya sauti. Kuna mpya, na kuna za mitumba zilizotoka Ulaya. Za mitumba zinaweza kuwa bora mno, lakini zina ugonjwa wake. Tazama ukingo wa koni, ule mduara laini unaoiunganisha na fremu. Kama ni sponji, uguse polepole kwa ncha ya kidole. Ukimeguka kama chapati kavu, spika hiyo inahitaji fundi kabla haijalia. Kama ni mpira na bado unanesa, vizuri. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa. Ikikwaruza ndani, iache. Angalia nyuma imeandikwa omu ngapi. Amplifaya ndogo hupumua vizuri na spika ya omu 8. Ya omu 4 huifanyisha kazi zaidi na inaweza kuichemsha.

Na zaidi ya yote, nenda na wimbo wako. Usikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji. Muuzaji anao wimbo mmoja wenye besi ya kuvunja kioo, na kila spika inapendeza kwa wimbo huo. Wewe chagua wimbo unaoujua hadi pumzi ya mwimbaji: wa kwaya yenu, wa Kamaru, wa Daniel Kamau, wowote. Na usichukue nakala iliyosagwa ikatumwa kwa simu mara ishirini. Siku hizi tuna bahati: mjukuu wa Kamaru, ambaye naye anaitwa Joseph Kamaru na anajulikana kwa jina la kisanii KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Chukua nakala safi, uketi dukani dakika kumi. Sikiliza sauti ya mtu kwanza. Je, ni mtu mwenye koo na kifua, au ni mtu aliyeingia ndani ya ndoo? Sauti ya mtu ikiwa ya kweli, mengine yatafuata. Kwa nini naanza na sauti ya mtu? Kwa sababu ndiyo sauti ambayo masikio yetu yanaijua tangu mgongoni mwa mama. Hakuna anayeweza kutudanganya hapo.

Umenunua, umefika nyumbani salama. Sasa uitunze. Masanduku mengi ni ya mbao ya unga wa msumeno ulioshindiliwa, na adui yao mkubwa ni maji. Sisi ni watu wa usafi. Kila asubuhi ndoo, tambara, deki. Spika iliyosimama moja kwa moja juu ya kigae inayanywa yale maji kutoka chini, kidogo kidogo. Yangu ya kwanza ilivimba chini kama mguu wenye jipu, na ganda lake la juu, veneri, likabanduka. Ipe miguu: vipande vinne vya mpira vinatosha. Kama ina vile vyuma vyenye ncha, weka sarafu chini ya kila ncha usije ukatoboa kigae. Miguu hiyo pia inaipa usalama, maana spika nyembamba ikivutwa na mtoto anayejifunza kusimama inaweza kumwangukia. Walio na watoto wadogo, isimamisheni kwenye bamba pana. Lile kava la mbele liachwe mahali pake pia. Kidole cha mtoto na twita havipatani. Na ngurumo za radi zikianza, chomoa amplifaya ukutani. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, wewe uwe umeshachomoa.

Kuna moja la mwisho, nalo si la ufundi. Ni la ujirani. Besi haina mipaka. Inapita ukuta wa jirani bila kubisha hodi. Jirani ana mtoto mchanga, jirani ametoka zamu ya usiku hospitalini, jirani ana msiba. Ukiwa na spika iliyopangwa vizuri, utagundua huna haja ya kuongeza sauti, kwa sababu kila kitu unakisikia sauti ikiwa chini. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nilidhani spika bora itanifanya nisikilize kwa sauti kubwa. Imenifanya nisikilize kwa sauti ndogo, na kwa muda mrefu zaidi.

Basi tukusanye tuliyoyasema, kabla saa haijatufukuza. Tumesema sanduku refu jembamba linatupa besi ya kutosha bila kula sakafu. Tumesema chumba ni nusu ya spika: zulia, mapazia, na shubiri mbili tatu kutoka ukutani. Tumesema nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na mwimbaji asimame katikati. Tumesema wati za katoni zisitutie wazimu, na dukani twende na wimbo wetu. Tumesema maji, watoto na radi. Na tumesema jirani.

Labda huna mpango wa kununua spika mwaka huu. Ada za shule zinangoja, mbolea inangoja. Si neno. Usiku wa leo, hiyo redio unayonisikilizia, ndogo au kubwa, itoe pembeni. Isogeze mbele kidogo, iinue ifike usawa wa sikio, uigeuze ikutazame. Kisha mwite mzee wa nyumba, guka au cucu, akae pale katikati, umwekee wimbo wa ujana wake. Usiongeze sauti. Mpe muda, na akikuambia upunguze, punguza. Mjomba wangu aliondoka kwangu saa nne za usiku, siku ile iliyopangwa kuwa ya chai moja tu. Wimbo ule ule tuliurudia mara tano, na kila mara alikuwa akilingoja lile gitaa la nyuma, akilikuta anainua kidole.